Kwani Kujificha ni Kuchagua?

Mume wangu alikuwa na mdomo. Simsengenyi, maana mdomo huo ndio uliotulisha. Aliweza kusema na jaji mpaka jaji akaweka kalamu chini. Aliweza kusema na mzungu setla aliyekuja amefura hasira, na baada ya muda setla huyo akavuta kiti akakaa. Akikaa na wazee kwenye chungu cha pombe ya busaa, wazee walisahau mirija midomoni. Lakini katika dunia yote ya Mungu kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwambia hata "mulembe" ya kusalimiana, na mtu huyo alikuwa mama yangu mzazi.

Hawakuwa wamekosana hata kidogo, shida ni kwamba walipendana kwa adabu. Kwetu, upande huu wa chini ya Mlima Elgon, mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Mgeni akiwaona atadhani wana kesi. Wako watu ambao baada ya miaka kadhaa huita wazee, zawadi zikatolewa, haya ikalegezwa kidogo. Mama hakutaka kusikia habari hiyo.

"Haya ikitoka mlangoni," alisema, "heshima haibaki ndani peke yake."

Kwa hiyo siku ya harusi yetu pale Lugulu, mama alisikiliza ibada akiwa nje, ameketi chini ya dirisha, na mtu mmoja mwenye huruma akasukuma kioo ili asikie kiapo. Baadaye alinilaumu kwamba nilisema "nakubali" kwa sauti ya chini. Nikamwambia, mama, ulikuwa nje. Akasema ndiyo sababu.

Mume wangu akija kwetu Matulo kunisindikiza, alianza kukohoa tangu kijitoni. Kikohozi hicho kilijulikana kijiji kizima. Mama alikuwa akisikia, anatupa mwiko, anatoka kwa mlango wa nyuma mbio kama msichana, na mimi nabaki nasonga ugali aliouacha jikoni. Lakini kabla ya kukimbia lazima alikuwa ameshachinja kuku. Kuku huyo alifika mezani mzima, na firigisi juu kabisa ili isije ikasemwa kwamba imepotea. Mume wangu alikula firigisi yote akaniambia, "Mwalimu, mwambie mama nimeshiba." Nikaenda nyuma ya nyumba nikamwambia. "Mwambie asante kwa kushiba," akajibu. Ndivyo walivyozungumza kwa miaka, na mimi nikiwa mkalimani wa kuku.

Aliniita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nayo, nikifundisha wasichana Lugulu. Mimi nilimwita Wakili hata kabla hajawa wakili, kwa kumchokoza tu, kwa vile alikuwa mtu wa kubisha hata wimbo wa kanisani. Alipoenda ng'ambo kusomea sheria kweli, wenzangu walisema nimemloga kwa jina.

Lakini niseme alikotoka, maana bila hilo hamtaelewa. Alizaliwa kwenye shamba la setla karibu na Kiminini, miaka ile reli ilipokuwa bado changa Kitale. Baba yake alikuwa skwota. Alilima mahindi ya mzungu, na kwa malipo akaruhusiwa kipande cha kulima chake na nafasi ya kufuga ng'ombe. Mama yake alifariki mume wangu akiwa mdogo sana. Hakukumbuka uso wake, alikumbuka tu kwamba alikuwa akinukia moshi wa kuni. Aliwachunga ng'ombe wa setla kabla hajaona ndani ya darasa. Halafu siku moja amri ikaja kwamba mifugo ya maskwota imezidi, iondolewe. Baba yake akauza, akagawa, akalia. Alipokufa alizikwa pale pale shambani, kwa sababu hapakuwa na pengine. Mume wangu aliporudi likizo kutoka shule, akakuta trekta imepita. Kaburi limelimwa pamoja na mahindi.

Hili alinisimulia mara moja tu. Mtu yule ambaye angeweza kuhutubia mpaka jogoo achoke, hilo alilisema kwa maneno machache, kisha akaniuliza kama chai ipo.

Aliporudi kutoka ng'ambo amevaa suti iliyomzidi mabega, alifungua ofisi Kitale. Nikisema ofisi msifikirie kitu kikubwa. Kilikuwa chumba cha nyuma ya duka la fundi Mhindi wa nguo, na ukitaka kumwona wakili ulipita kwanza katikati ya suruali zilizoning'inia. Cherehani ilikuwa ikilia mchana kutwa, hivyo wateja walikuwa wakipiga kelele siri zao. Wote walikuwa maskwota: ng'ombe wamekamatwa, nyumba imechomwa, mtu amefungwa kwa kutokuwa na kipande, kile kitambulisho cha serikali, mfukoni. Walimlipa walichokuwa nacho. Kuna majuma tulikula mayai mpaka watoto wakayaonea huruma makuku.

Kesi alishinda chache. Nyingine alishindwa, na akishindwa alirudi nyumbani amekunja uso, anakaa, anafungua vitabu vyake vinene, anasoma mpaka anasinzia na kuvipiga vikumbo kwa kichwa.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "leo nimezungumza vizuri sana."

"Umeshinda?"

"Nimeshindwa vizuri sana. Hakimu mwenyewe ameniambia hoja yangu ni nzuri, lakini sheria imeandikwa hivi. Sasa nimechoka kubishana na karatasi. Nataka kwenda kule karatasi inakoandikwa."

Ndivyo siasa ilivyoingia nyumbani kwangu, bila kupiga hodi, nikiwa na unga mikononi.

Tatizo lilikuwa hili. Kitale ilikuwa nchi ya masetla. Mwafrika hakuwa na kiti cha kugombea. Kiti kilichokuwepo kilikuwa kwenye baraza la wilaya, upande wa Bungoma. Huko ndiko wazee wake walikotoka zamani, lakini ukoo ulishatawanyika, na ardhi waliyoacha ilishakaliwa na wengine. Hakuwa na mahali pa kunyooshea kidole aseme, hapa ni kwetu. Basi akanunua shamba dogo pale pale Matulo, ng'ambo ya kijito kutoka kwa wazazi wangu, akajenga nyumba ya mabati.

Na hapo maadui wakapata wimbo. Kwetu mwanamume anayehamia kwa wakwe zake ni mtu wa kuchekwa. Mpinzani wake alikuwa mwenye mashine ya kusaga unga, mtu mnene, mcheshi, ambaye kila mtu alimpenda hata mimi, Mungu anisamehe, kwa maana mashine yake haikuacha mchanga kwenye unga. Hakumtukana mume wangu hata siku moja. Alikuwa akisimama sokoni, anafuta unga kwenye nyusi, anauliza kwa upole:

"Huyu wakiri ni mtu mzuri, bana. Mimi nauliza tu. Kwao ni wapi? Si amekuja hapa kwa bibi yake? Sasa ati mgeni wa bibi atusemee sisi wenye boma?"

Watu wanacheka. Mume wangu naye anacheka, kwa sababu mwanasiasa lazima acheke. Lakini mimi nililala na mtu huyo, nilijua neno hilo lilimwingia wapi. Mtu uliyeona kaburi la baba yako limelimwa, halafu unaulizwa mbele ya soko kwenu ni wapi! Hakuwa anatafuta kiti tu. Alikuwa anataka watu wasimame wahesabiwe, ijulikane kama ana kwao au hana.

Aliyelielewa hili kuliko hata mimi alikuwa mama. Hakuniambia kitu. Alifunga leso kiunoni akaanza kutembea. Alienda nyumba kwa nyumba, kijito kwa kijito, akiwaambia wanawake kwamba safari hii na wao wanaruhusiwa kuchagua, na kwamba yeye anajua wa kumchagua. Hakutaja jina lake, maana mwiko. Alisema "yule wa msichana wangu" au "yule wa kukohoa". Aliwaambia jinsi alivyowatetea watu Kitale. Aliwaambia hajawahi kubakiza chakula. Hii ya mwisho ndiyo iliyowaingia zaidi.

Kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kuchagua mtu, aliwakusanya nyuma ya nyumba akawafundisha. Nilikuwepo. Aliwapanga mstari kama mimi ninavyopanga darasa.

"Kule kuna askari na wazungu," aliwaambia. "Mkianza kuulizana-ulizana mtachanganyikiwa. Mtu asiulize. Mimi nitatangulia. Mnaona ninavyofanya, mnafanya. Ninakosimama, mnasimama. Mmesikia?"

Wakasikia. Laiti wangekuwa wanawake wakaidi kidogo!

Sasa, uchaguzi wa siku hizo haukuwa wa karatasi na sanduku. Ulikuwa wa mlolongo. Mgombea anasimama uwanjani, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake, wanahesabiwa vichwa. Haukuwa na siri yoyote. Jirani yako alikuona, na mwenye mashine ya unga alikuona pia.

Siku yenyewe ilikuwa na jua zuri. Uwanja wa shule pale Matulo ulizungushiwa ua la kayaba, na ua lilikuwa na mlango mmoja. Ofisa wa serikali, kijana wa Kizungu mwenye kaptula iliyopigwa pasi sana, aliwaweka wagombea wawili mbele, wameelekea mlangoni, ili kila anayeingia awaone vizuri nyuso asije akakosea. Ilikuwa akili nzuri kabisa ya mtu asiyekuwa na mama mkwe.

Mimi nilikuwa nimeshajipanga kwenye mlolongo wa mume wangu, nyuma kidogo. Mstari wetu ulikuwa mrefu. Na ule wa mwenye mashine ulikuwa mrefu. Unaangalia huu, unaangalia ule, unameza mate. Walimu walikuwa kwetu, na vijana, na watu wa kanisa. Kwake walikuwa wazee wa ukoo na wote waliosagiwa unga kwa mkopo. Nikajisemea, wakifika wanawake wa mama tumemaliza.

Nikawasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wakiimba. Wakaingia mlangoni mama akiwa mbele, amevaa leso mpya, kichwa juu, na nyuma yake kundi zima la wanawake wa kando ya kijito. Halafu mama akainua macho, na pale mbele yake, mahali ambapo mtu hawezi hata kusema sikumwona, amesimama mkwe wake katika suti.

Wimbo ulikatika. Mama alivuta leso akajifunika kichwa na uso, akageuka ghafla upande wa kulia, akakimbia. Upande wa kulia ulikuwa na mlolongo wa mwenye mashine, na mlolongo huo ulikuwa na wanaume warefu wenye makoti. Mama akajipenyeza nyuma yao, akainama hapo, amejificha vizuri kabisa. Na wanawake wote, wakiwa wanafunzi wema, wakavuta leso zao, wakakimbia, wakajipenyeza, wakainama.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, nadhani niliita "Mama, huku!" Askari akaniambia ninyamaze au nitolewe. Nikamwambia anyamaze yeye. Nikamtazama mume wangu. Angesema neno moja tu! Angenyoosha mkono tu, na wanawake wale wangejua wamepotea. Lakini yeye, mwenye mdomo wa kulisha nyumba, alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake, kama inavyompasa mkwe mwenye adabu. Filimbi ikapigwa. Mlango ukafungwa. Hakuna kusogea. Wakahesabiwa, na mlango ulipofunguliwa tu, kabla matokeo hayajasomwa, mama na wenzake wakatoka mbio wamejifunika.

Tulishindwa, na kila mwenye macho uwanjani aliona tulishindwa kwa leso za nani. Mwenye mashine alicheka mpaka akashika magoti. "Hata mama mkwe hamtaki!" alisema, na neno hilo lilifika Bungoma kabla ya matokeo.

Nilivuka kijito kwenda kwa mama nikiwa nimejaa maneno. Nikamkuta anakoroga uji wa wimbi kwenye sufuria kubwa ya sherehe, yeye na wenzake, wamechangamka.

"Haya, tuambie," akasema. "Ameshinda kwa watu wangapi?"

Nikakaa chini.

"Ameshindwa, mama. Nyinyi mlisimama kwa mwenye mashine."

"Nani alisimama? Mimi nilijificha."

"Mmehesabiwa pale."

"Tumehesabiwaje, na sisi tulikuwa tumejificha?" Aliweka mwiko chini. "Kwani kujificha ni kuchagua?"

Hapo hapo wanawake wakaanza kulaumiana, mmoja akidai yeye aliona kabisa lakini aliambiwa asiulize. Mama alienda akaketi kwenye jiwe la kusagia lililokuwa nje, akajifunika ile leso, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona mama yangu analia kwa sababu ya mtu mwingine tofauti na watoto wake.

Kulikuwa na njia. Mume wangu aliijua kuliko mtu yeyote. Anayelalamika angeweza kwenda kwa DC, mkuu wa wilaya, pale Bungoma, ashuhudie kwamba watu wamehesabiwa mahali wasipochagua, uchaguzi urudiwe. Mhindi mmoja wakili, rafiki yake wa Kitale, alikuja mpaka nyumbani kumhimiza. "Ndugu yangu, hii kesi ni nyepesi," alimwambia. "Lete yule mama aseme alikuwa anajificha. Basi."

"Siwezi," mume wangu akasema.

"Huwezi nini?"

"Nitamwitaje mkwe wangu shahidi? Nimweke mbele ya wazungu aulizwe kwa nini alinikimbia? Mama wa watu amenipa heshima, nimlipe kwa kumpandisha kizimbani?"

Niliwaka moto. Nilimwambia heshima hiyo imempokonya kiti. Nikamwambia watu wanasema hana kwao na sasa wanasema hata mama mkwe hamtaki, atatembea na hilo mpaka kaburini. Nilitumia neno kaburi nikajuta papo hapo. Akachukua kofia yake akaenda kuangalia mahindi, ambayo hayakuwa na haja ya kuangaliwa.

Maneno ya nyumba ya mabati hayana siri. Asubuhi iliyofuata mama alinitumia ujumbe nije. Nikamkuta amevaa viatu, na viatu mama alivaa kwa ajili ya Mungu peke yake.

"Nasikia kuna mzungu Bungoma anataka kujua nilikuwa nafanya nini uwanjani," alisema. "Twende nimwambie."

"Mama, yeye hataki uende."

"Mimi si wa kuambiwa na mkwe nisiende mahali. Kwanza hawezi kuniambia, hatuzungumzi."

Hapo akanishinda. Mume wangu aliposikia kwamba mama ameshaamua, alienda kumwona DC akaomba siku ya uchunguzi. Siku hiyo ilipofika yeye aliendesha gari lake kuukuu, lile la kusukumwa, na mimi na mama tukapanda treni kutoka Webuye. Mama alikaa dirishani amenyooka, na kila kituo aliniuliza kama gari la "yule wa kukohoa" limepita salama.

Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Mume wangu atakaa barazani, nje kabisa, rafiki yake Mhindi ataingia amuulize mama maswali, mama ajibu, tutoke. Lakini DC alikuwa mtu wa utaratibu. Akasema hii si mahakama, ni uchunguzi wa ofisi, mawakili hawana nafasi. Mlalamikaji aingie mwenyewe, aulize shahidi wake mwenyewe. Nikasema mimi naweza kuuliza. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyegombea. Nikamwambia kwa jinsi nilivyochoka ni kama ndiye. Mkalimani, mzee wetu mwenye hekima, hakuitafsiri hiyo.

Mkalimani alijaribu kumweleza DC mila yetu. DC alisikiliza, masikio yakazidi kuwa mekundu, akasema ameelewa lakini utaratibu ni utaratibu. Basi mimi nikatoka nikamwita mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, suti imemshuka mabega. Nikamwambia, "Wakili, ni wewe."

Akakohoa mlangoni. Mama akageukia dirisha, akavuta leso. Mume wangu akaingia kinyumenyume, akageukia ukuta akaufuata, mpaka akafika kwenye ramani kubwa ya wilaya, akasimama pua yake karibu iguse Mlima Elgon. DC akabaki kwenye meza yake katikati, anaangalia mgongo huu, anaangalia mgongo ule. Mimi niliketi kwenye benchi nikiwa nimeuma ulimi nisicheke. Hawa watu wawili hawakuwahi kuwa ndani ya chumba kimoja tangu nilipoolewa.

"Muulize shahidi," alianza mume wangu kwa mkalimani, kwa sauti ambayo sikuijua, nyembamba kama ya mtoto aliyetumwa kwa jirani, "kama siku ile alifika uwanjani."

"Mwambie nilifika," mama akajibu kwa dirisha.

"Muulize kama alisimama nyuma ya mwenye mashine."

"Mwambie niliinama. Sikusimama."

"Kwa nini aliinama pale?"

"Kwa sababu pale palikuwa na wanaume warefu. Kama warefu wangekuwa kwenye miti ningeenda kwenye miti."

DC aliandika. Nilimwona anauma mdomo. Mambo yalikwenda vizuri, na mume wangu akaanza kupata sauti yake, akauliza juu ya wale wanawake wengine, na nani aliwaambia wafuate, na mama akajibu kila kitu bila kupepesa, akijilaumu mahali pa kujilaumu. Ushahidi ulitosha. Uchaguzi ulirudiwa, safari hiyo wagombea wakawekwa wakiupa mlango mgongo, na yaliyofuata katika siasa yake wengi wanayajua. Hayo yalikuja baadaye. Siku ile mume wangu angeweza kusema nimemaliza, tukaenda zetu.

Hakusema. Aliongeza swali, na safari hii hakumwambia mkalimani amuulize. Aliuliza mwenyewe, kwa lugha yetu, akiuambia ukuta:

"Mama, siku ile ulikuwa umekuja kusimama na nani?"

Mkalimani hakutafsiri. Niliona mgongo wa mama ukikaza chini ya leso, nikadhani amekasirika kwa kusemeshwa. Halafu akajibu, polepole, akiliambia dirisha.

"Nilikuja kusimama na mwanangu."

Mkalimani akamwambia DC. DC akaacha kuandika, akapekua karatasi zake, akauliza kama hakuna makosa hapo, maana yeye ameandikiwa kwamba huyu si mtoto wa shahidi, ni mkwe. Mkalimani akamrudishia mama swali.

"Mwambie mimi simfundishi kazi yake ya kuandika," mama alisema. "Mkwe ni kwa sababu ya msichana huyu. Huyo mwenyewe nimesema ni mwanangu, wa boma letu. Aandike hivyo."

DC akaandika. Kalamu yake ndiyo iliyosikika peke yake, kisha nikasikia kitu kingine. Mume wangu alikuwa ameweka kiganja juu ya ile ramani, paji la uso limegusa ukuta, na mabega ya ile suti kubwa yalikuwa yanatikisika. DC akamuuliza kama ana swali jingine. Akatikisa kichwa.

Mimi nilisimama katikati yao nisijue niende kwa nani. Mama alinisikia nimesimama. Bila kugeuka, alitoa mkono mmoja chini ya leso, akanipungia kwa vidole niende kwa mume wangu, pale ukutani.